Mama Mkubwa Aje Jumatano

14 Oktoba

Sindano amepewa kitengo, dada. Kitengo kizima, na meza ya kona, na watu wanne wa kuwaagiza, mmoja wao mwanamume mwenye mvi. Nimeanza na hili ili hata barua ikilowa njiani, la maana usilikose. Sasa shikamoo.

Goti linaendeleaje? Na sikio? Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuambia paka wetu amezaa ukanipa pole ya msiba, kwa hiyo tuendelee kuandikiana kama tulivyozoea. Tena barua ina raha yake. Nikipata yako nawasomea watu kibarazani, na ujumbe wa simu huwezi kumsomea mtu, unaisha kabla hajakaa vizuri.

Basi ni ile ile kampuni ya kupeleka dawa kwenye zahanati. Sasa kila oda inapita kwa mwanao. Dawa zenyewe hazishiki, azishike za nini, kazi yake ni kuchora. Anachora visanduku kwenye kioo cha kompyuta, anaviunga kwa mistari kama mabomba ya maji, huku zinaingia oda zimevurugika, kule zinatoka zimekaa sawa. Mwenyewe anasema anaunganisha kamusi. Nilimwambia Muuza Mkaa kwamba binti yangu anatunga kamusi, akavua kofia. Sijamsahihisha.

Mume wangu ananiambia nipunguze. Nipunguze nini? Katika koo zote mbili ni nani mwingine amewahi kukaa ofisi yenye mlango wa kioo? Tumeamua tufanye sherehe hapa nyumbani, Jumamosi tarehe 23 mwezi ujao. Nimeamua mimi, yeye amekubali. Watakuja watu wa upande wake na watu wa upande wetu, na kwa vile vyumba ni vitatu tu, Sindano atatupangia kwa hiyo mashine yake. Kila mtu atapata ujumbe kwenye simu: aje lini, alale wapi, ashike kazi gani. Wako ukifika usishtuke.

Na usidhani nimesahau. Miaka yake yote ya shule alilala chini ya meza yako ya kukatia nguo, akiokota pini sakafuni mpaka ukampa hilo jina. Mimi nilimzaa tu. Haya, nimejisifu vya kutosha, karatasi imekwisha.

Mdogo wako

*

19 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliruka majigambo, ikabaki nusu ukurasa.

Lakini nilikaa chini, nikwambie ukweli. Niliweka mkasi mezani nikakaa. Kitengo kizima. Mtoto aliyekuwa analia akiona hesabu za kugawanya. Wateja waliokuwepo dukani wote wameambiwa, na mmoja aliyekuja kulalamikia zipu ameondoka bila kulalamika, hakupata nafasi.

Nakuja Jumatano ya wiki hiyo, kama kawaida, siku tatu kabla. Sufuria kubwa nakuja nayo. Mpaka nifike mtu asiguse jiko, na huyo mtu ni wewe, maana wali ukiupika wewe unaweza kuujengea ukuta. Nitalala kwako upande wa dirishani. Mume wako aanze kuzoea kulala sebuleni.

Sindano namshonea koti la kukalia kwenye meza yake ya kona. Kitambaa cha bluu iliyoiva, bitana ya hariri. Asiambiwe.

Dada yako

*

22 Oktoba

Sindano mwanangu,

Hujambo? Kiti kipya kinazunguka? Muuza Mkaa ameniuliza, nikasema kinazunguka. Kama hakizunguki usiniambie.

Kazi uliyonipa nimeifanya. Karatasi ya kwanza ni ya upande wangu, nimeiandika mwenyewe. Ya pili ni ya upande wa baba yako, kaandika yeye, ndiyo maana imepinda. Tumefuata ulivyoagiza: kushoto mtu, kulia mambo yake, anakuja lini, analala wapi, anafanya nini.

Ila hilo la kuandika majina yao rasmi, ya kwenye kitambulisho, nimelikataa. Wewe utamtumia shangazi yako ujumbe unaoanza na jina lake kama karani wa mahakama? Watu wazima hawa. Tumewaandika unavyowaita wewe: Shangazi, Mjomba, Baba Mdogo, Bibi. Hapo kila mtu ataona ameandikiwa na mtoto wake, siyo na serikali.

Ukijibu, nijibu kwa barua, tena ndefu. Eleza hiyo kazi yako vizuri, ila usiifanye rahisi sana. Nitaisoma mbele ya watu.

Mama yako

*

27 Oktoba

Mama, shikamoo.

Kiti kinazunguka. Kwa kuwa najua barua hii inasomwa kibarazani, namsalimia Muuza Mkaa na kumwarifu kwamba situngi kamusi. Avae kofia yake.

Hizi kamusi zetu si vitabu. Fikirieni dukani kwa Mama Mkubwa, ule ukuta wenye ndoano. Kila ndoano ina jina la mteja, na kwenye ndoano kuna nguo yake. Ukitaja jina unapewa nguo. Kamusi ya kompyuta ni hivyo tu, kushoto jina, kulia kilichotundikwa. Jina tunaliita ufunguo, maana ndilo linalokufikisha kwenye kitu.

Sasa kuna siku unakuwa na kuta mbili na unataka uwe nao mmoja. Kazini, ukuta mmoja ni bei za dawa za mwaka jana, mwingine ni bei za mwaka huu. Nachora kisanduku cha kuunganisha, navuta mstari kutoka kamusi ya kwanza, navuta mwingine kutoka ya pili, na upande wa pili inatoka kamusi moja. Mashine inahamisha nguo za ukuta wa kwanza, kisha za ukuta wa pili. Ikikuta ndoano ina jina lile lile na nguo ipo tayari, inatundika ya pili juu, na kuanzia hapo inayoonekana ni ya juu. Sisi ndivyo tunavyotaka, bei mpya ifunike ya zamani.

Karatasi zenu nimeziingiza jana, yako kwanza, ya baba ikafuata. Nimeziunganisha na kisanduku kimegeuka kijani, maana yake hakina tatizo. Namba za simu mashine itazichukua kwenye simu yangu. Ujumbe wote utaondoka Jumamosi asubuhi kwa mpigo mmoja. Na kuhusu majina nimekusikia. Hata mimi mikono ilikuwa mizito kuandika jina la Bibi.

Binti yako

*

4 Novemba

Kwako mama mwenye sherehe,

Nimepokea ujumbe kwenye simu juzi Jumamosi. Umeandikwa vizuri, hauna kosa hata la nukta. Nashukuru kwa kufikiriwa.

Kwa bahati mbaya goti limezidi, na daktari amesema nisisafiri. Sufuria kubwa nitampa dereva wa lori la mbao ailete, msipate taabu. Si lazima kuirudisha haraka.

Nawatakia shughuli njema.

Fundi

*

6 Novemba

Dada,

Barua yako nilimpa mume wangu aisome, nikidhani labda miwani yangu ndiyo mbovu. Akasema, imeandikwa na nani? Nikamwambia, dada. Akasema, dada yupi?

Marahaba iko wapi, “mdogo wangu” iko wapi, umenitania wapi? Umesaini “Fundi”, kana kwamba nilileta suruali kupunguzwa. Na huyo daktari ni yupi? Goti hilo limepanda kilima mpaka kwenye mazishi ya jirani yako mwaka huu huu, ukarudi kwa miguu ukicheka walioachwa nyuma.

Nimefikiria usiku na mchana na nimeona jambo moja tu. Nimejisifu mno. Najua. Lakini nilidhani najisifu kwa mtu ambaye sifa ni zake pia. Kumbe kila nilipoandika meza ya kona na mlango wa kioo, wewe vilikuwa vinakukaa kooni. Kama ni wivu, dada, sema ni wivu, mimi nitanyamaza. Wanao wawili hawakusoma, hilo si kosa la Sindano wala langu. Lakini usisingizie goti.

Sufuria imefika. Nimeiweka nje. Sitaki kuiona.

Mdogo wako, kama bado ni mdogo wako

*

9 Novemba

Sindano,

Koti hili lilikuwa la kukupa mkononi, sasa litakufikia kwa basi. Livae Jumamosi hiyo. Mabega nimeyakata kwa vipimo vya zamani nikaongeza kidogo, maana mtu akikaa ofisini anapanuka.

Upindo wa chini sijaumaliza. Nilitaka nikupime umesimama, umevaa viatu. Nimeubana kwa pini. Fundi yeyote wa huko atakumalizia, mwambie apige mshono wa mkono, asipitishe cherehani.

Ujumbe wako niliupata na sina neno nao. “Mama Mkubwa, karibu Jumamosi saa saba mchana. Utalala nyumba ya wageni iliyo mbele ya stendi. Usishike kazi yoyote, utawekewa kiti chenye mto kivulini.” Nilimwita mteja anisomee tena. Nikafikiri, labda ndivyo mambo yanavyokwenda, mtu akiwa na kitengo anapanga wageni wake kwa heshima. Wageni wanafika saa saba. Mimi sikuwa najua kwamba kwako nami ni mgeni, lakini nimejua, na hakuna ubaya. Hicho kiti chenye mto mpe mwingine.

Mama yako ameniandikia kwamba nina wivu. Sijamjibu. Nikimjibu sasa nitaandika vibaya.

Kula vizuri. Hiyo kompyuta isikupofushe macho.

Mama Mkubwa

*

12 Novemba

Mama,

Hii usiisome kibarazani.

Mama Mkubwa hana wivu. Tumemwandikia aje saa saba mchana kama mgeni, alale nyumba ya wageni, akae kwenye kiti. Ndivyo ujumbe wetu ulivyosema. Wewe hukuandika hivyo. Karatasi yako ninayo hapa mbele yangu na nitakunakilia mstari wake mwenyewe: “Mama Mkubwa: aje Jumatano, alale na mimi, jiko ni lake, asiulizwe kitu.”

Lakini na baba naye ana Mama Mkubwa kwenye karatasi yake. Ni mke wa Baba Mkubwa, yule wa fimbo, ambaye hawezi kusimama muda mrefu. Hiyo saa saba, na nyumba ya wageni, na kiti chenye mto, baba alimwandikia yeye, na kwake ni sawa kabisa. Wote wawili nawaita Mama Mkubwa. Kwa mashine hiyo ni ndoano moja. Ilitundika maneno yako, kisha ikaja na ya baba ikayafunika. Halafu kwenye simu yangu namba zao zote mbili nimezihifadhi kwa jina hilo hilo, kwa hiyo mashine ikatuma maneno ya baba kwa wote wawili. Haikulalamika. Kisanduku kilikuwa kijani na mimi nikaenda kunywa chai.

Kwenye kile kisanduku kuna mahali pa kuchagua: jina likijirudia, funika, au simama uniulize. Nimeizoea “funika” kwa sababu ya bei za dawa, hata sikuiangalia. Kosa ni langu, Mama. Hata kama ulikataa majina rasmi, kazi ni yangu. Nilipaswa kujua kwamba bei ya zamani unaweza kuifunika, lakini mtu huwezi.

Nimemwandikia leo nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Koti limefika. Linanikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kununua, ila lina pini upindo mzima na sitampa fundi mwingine aliguse.

Mama, ulimwandikia nini kuhusu wivu?

Binti yako

*

14 Novemba

Mdogo wangu,

Sindano ameniandikia. Kurasa tatu, na michoro ya visanduku. Ya kompyuta nimeielewa na nimeisamehe. Haina macho, ingenijulia wapi. Hata na mimi nina wateja wawili wanaoitwa jina moja, na kuna siku mmoja alitoka hapa na sketi ya mwenzake, na ilimkaa.

Lakini ile barua ya wivu haikuandikwa na kompyuta. Imeandikwa na mkono wako, naujua, wewe herufi K unaichora kama mtu anayepiga teke. Na ukawataja wanangu.

Nilikaa siku mbili na ujumbe wa kwenye simu bila kukuuliza, hilo ni la kwangu. Niliona haya kuuliza. Mtu anaanzaje kuuliza, jamani, mimi ni mgeni?

Sijui kama nitakuja. Ndiyo kweli ilivyo, sijui.

Dada yako

*

16 Novemba

Dada,

Nimeandika barua hii mara nne, tatu nimewashia jiko. Kila nilipoanza nilijikuta najitetea, na nikijitetea najisifu, unanijua.

Kwa hiyo nasema moja kwa moja. Kompyuta ilikufanya mgeni kwa sababu haikujui. Mimi nakujua tangu sijaota meno na bado nilifanya vibaya kuliko yenyewe. Nilipata barua fupi, nikakuta pengo, nikalijaza kwa neno baya kuliko yote niliyokuwa nayo. Sikusimama nikakuuliza. Na wanao sikupaswa kuwatia mdomoni. Mkubwa ndiye aliyenijengea choo hiki nilichokaa miaka kumi nikikisifia kwa majirani, na mdogo hajawahi kupita hapa mikono mitupu. Nimewaandikia wote wawili. Sikuwaeleza, nimewaita tu.

Sasa sikiliza nilichofanya jana. Nilitoka kibarazani, watu wakakaa, wakajua kuna barua ya Sindano. Muuza Mkaa kaja na kigoda chake. Nikawaambia leo barua ni ya dada yangu, na nikasoma yako ile ya Oktoba, yote, hata pale pa wali na ukuta. Wamecheka mpaka mke wa kinyozi akajifunika kanga usoni. Kisha nikawaambia, huyu ndiye aliyemlea huyo mwenye kitengo. Mimi nilikuwa natuma sabuni tu mwisho wa mwezi. Muuza Mkaa akauliza, mbona hukutuambia miezi yote hii? Kofia aliivua tena, dada, na safari hii alimvulia mtu anayestahili.

Mke wa shemeji, yule Mama Mkubwa mwingine, nimeenda kumwona nikamweleza mkasa. Aliketi na fimbo yake akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Basi mimi wangu ulikuwa sahihi? Maana nilishaanza kununa, nikajua mmenichoka.” Anakusalimia. Anasema ana gauni limembana kifuani na anauliza kama utakuja na futi yako. Nimemwambia sijui. Kumbe neno hilo ni gumu hivyo kulisema, na wewe umelibeba wiki nzima.

Sindano ameirekebisha mashine. Sasa jina likijirudia inasimama na kuuliza. Ujumbe mpya atautuma leo jioni, na amesema wako hautatoka kwenye kisanduku chochote, atauandika kwa vidole vyake. Mimi nauandika hapa kabla yake, ili wangu utangulie kuandikwa.

Upande wa dirishani nimetandika. Mume wangu ameshahamia sebuleni na godoro lake, amenuna kidogo, atazoea. Sufuria nimeiingiza ndani nikaisugua kwa mchanga mpaka inaakisi uso. Jiko sijaligusa, na ufunguo wake nimeutundika kwenye msumari mlangoni. Nikiona mkono wa mtu unausogelea nausogeza, hata kama mkono wenyewe ni wangu. Sindano anaingia Jumanne usiku na koti lake limejaa pini. Amekataa katakata lisimaliziwe na mtu, na atasimama juu ya kigoda, na viatu miguuni, mpaka fundi wake aje kuupima upindo. Usipokuja atasherehekea anachomwa miguu, mimi nimeshamwambia, na akasema poa.

Kama goti ni kweli linauma, dereva wa lori la mbao amekubali kukukalisha mbele. Nimemlipa kwa maneno matamu tu, lakini unajua maneno yangu yana nguvu.

Watu wote, wa upande huu na upande ule, na Muuza Mkaa na kinyozi na mkewe, tunawategemea Jumamosi tarehe 23 saa saba mchana, wale waliopangiwa nyumba ya wageni na wale wa kivulini.

Wewe ni Jumatano.

Mdogo wako